Mkono Nilioufunga kwa Leso

…na anaanza na upande wa kulia, bila shaka anaanza na kulia, aanzie wapi tena, kushoto kwangu hakuumwi, kushoto kunajikuna na kufukuza nzi, ni kulia tu kulikolala hapa juu ya meza tangu asubuhi bila kumsumbua mtu, lakini mbona maji, nani amemwambia alete maji, siku zote huyu Najla wa mazoezi huja na mfuko wake wa vibanio vya nguo na kikombe cha plastiki na maharagwe, ananitaka niokote maharagwe, mimi mtu mzima na wajukuu, siokoti, tunaagana vizuri anapanda bodaboda anarudi Garsen, basi, ila leo kamwambia Bishara achemshe maji, ayachanganye na ya baridi, ayapime kwa kiwiko yasiwe makali, na Bishara, mke wa mwanangu, mtoto mtiifu asiyejua kuuliza ya nini, ameleta beseni na jagi na kitambaa cheupe, cheupe, nyumba nzima hakuona kitambaa kingine, na sasa wamekaa mmoja huku mmoja kule, Bishara anamwaga na Najla anapitisha kitambaa, polepole, kutoka begani kushuka chini, na mimi nipo katikati yao, na humu ndani ni mimi peke yangu ninayejua kazi hii inaitwaje.

"Mama, ni nini?" anasema Bishara. "Uso yako imebadilika." Si kitu, namwambia, mwaga, na yeye anamwaga, na mimi nayaona maji yanapita juu ya ngozi lakini hayanifikii, upande ule maji ni habari ninayoletewa na macho tu, na macho yenyewe siyaachi yatue pale, nayapeleka mlangoni, kwa mbuzi wa jirani anayetafuna katoni, kwa vumbi la njia panda, basi la Lamu linapiga honi na wanawake wanalikimbilia na sinia za maembe kichwani, nayapeleka popote, kwa sababu kazi yangu mimi ni kuosha maiti, nimeosha wanawake wa Minjila na Garsen na wa vijiji vya mtoni tangu Farah wangu ananyonya, Waorma na Wapokomo na Wasomali, wenye ng'ombe wasiohesabika na wasio na hata kuku, na wote nimewaanza kulia, ukishamsafisha unarudi unaanza upande wa kulia na viungo vya udhu, mwenzako anamwaga wewe unapitisha, mwenzako anamwaga wewe unapitisha, maji ya uvuguvugu yenye majani ya mkunazi, na hamsemi kitu ila neno la lazima, na hawa wawili nao hawasemi kitu, wameinamisha vichwa wametulia, wanafanya vizuri, kama wangekuwa wanafunzi wangu ningewasifu, na ndiyo maana natetemeka, natetemeka upande mmoja, wa kushoto, ule wa kulia haujui hata kuogopa… nimeliangalia beseni, langu la kazi ni la buluu lina kiraka ukingoni, limefungiwa stoo na ndoo yake na ufunguo ninao mimi, hili ni la manjano, la kufulia nguo za watoto, si lile, nimeliangalia tena, si lile, sasa natafuta nini, hata lingekuwa lile, beseni haliui mtu. "Pumua, Mama Farah," anasema Najla, "umebana pumzi tena." Napumua. Ananiamuru huyu, mtoto wa juzi, ana sauti ya chini na mikono mipana ya watu wa Kulesa, nyanyake alikuwa na kidole gumba hiki hiki, kifupi, kilichobonyea, nakijua kwa sababu nilimwosha mimi, mwaka wa mafuriko, tulipelekwa kwa boti mpaka mlangoni na kulikuwa hakuna pakavu pa kumlaza, tukamlaza juu ya milango miwili iliyong'olewa, maji ya mto yanapita chini na maji yangu yanapita juu, na mjukuu wake leo ameushika mkono wangu na hajui kwamba nakijua kidole chake, au anajua, au amekuja kulipa zamu, hapana, najiambia, Mumina, acha ujinga, huyu ni daktari wa mazoezi, ameajiriwa, anazunguka kwa wagonjwa wote wa kiharusi, anamwona mzee Godana kule ng'ambo ya barabara na mzee Godana sasa anajifunga vifungo mwenyewe, ananitumia salamu kwa watoto, mwambieni Mama Farah mimi nimemshinda, kama vile tunashindana mbio.

Anakifikia kiwiko. Anakikunja, anakikunjua, anakikunja, maji yanachuruzika, na mkunjo ule ni wangu, hakuna anayeniambia kitu juu ya mkunjo ule, maiti akikakamaa unamwagia maji kiwiko unakikunja na kukikunjua mpaka kilegee, humlazimishi, hukivunji, unasubiri, kisha unamnyoosha, na niliwahi kumwambia mmoja wa waliokuwa wakinimwagia maji, siku ya mauti mkono wa mtu huwa mzito kuliko mwili wake wote, usishangae, na kweli ni mzito, Najla anaubeba kwa mikono miwili. Hivi kwa nini watu hawaoni. Mauti hayana haraka, labda kwangu yameamua kunichukua kidogo kidogo, na kwa adabu yameanza kulia, kama ninavyoanza mimi, bega, kiwiko, kiganja, yakimaliza huku yatahamia kushoto, na mimi niko macho naangalia mbuzi, nimekwisha oshwa nusu na bado nakunywa chai. Naogopa. Sijamwambia mtu kwamba naogopa, watu wanamtegemea mwosha maiti asiogope, akifiwa mtu mimi ndiye ninayeingia na wengine wote wanabaki nje ya pazia, sasa nitaanzia wapi kusema Bishara, mwanangu, funga mlango, mimi naogopa mkono wangu. "Angalia mkono, Mama Farah, usiangalie mlango," anasema Najla, "kila wiki nakwambia, ubongo lazima uuone mkono ukifanya kazi, usipouona utausahau," na mimi nasema ndiyo, naangalia, na ninaangalia kitambaa, kitambaa tu, ukingo wake, uzi uliochomoza. Anaeleza tena maneno yake yale, ya kwamba mkono wenyewe hauna kosa, njia ndiyo imekatika kichwani, sasa tunatafuta njia nyingine, "si unajua barabara ya Garsen mafuriko yakiikata, watu hawakai tu, hupita kwa boti." Wengine hupita kwa boti. Wengine nimewaosha. Lakini simwambii, ana moyo mzuri, na mfuko wa maharagwe.

Kama angejua. Kama angejua asubuhi ile. Hakuna anayejua, Farah hajui, Bishara hajui na yeye ndiye aliyenikuta, na sijui kama kuna mtu mwingine chini ya jua aliyewahi kufanya nilichofanya, kwa sababu kingeweza kumpata mtu wa kazi yangu tu… niliamka kwa adhana ya alfajiri, au nilidhani nimeamka, niko chali, na juu ya kifua changu kulikuwa na mkono wa mtu. Baridi. Mzito. Mtu mwingine yeyote angepiga ukelele, nyumba ingeamka, gari lingetafutwa, lakini mikono ya namna ile mimi nimeshika mingi kuliko ya walio hai, na sikuogopa, hilo ndilo linalonitia hofu mpaka sasa, kwamba sikuogopa hata kidogo, niliushika kwa mkono wangu wa kushoto, nikasema moyoni nani huyu tena, maskini, mbona hawakuniita mapema, na nikaanza kazi. Nikavinyoosha vidole, cha mwisho kwanza, kisha kinachofuata, kisha kinachofuata. Nikasema Inna lillahi. Nikaulaza ubavuni inavyotakiwa, ukateleza, nikauchukua tena nikaufunga kwa ncha ya leso niliyojifunika, kwa mkono mmoja na meno, fundo letu lile lisiloumiza na lisilolegea. Kisha nikatulia. Kwa sababu maiti haachwi peke yake, hilo nimewaambia wote niliowafundisha, ukishamlaza unakaa naye mpaka maji yaje, na hupigi kelele karibu naye, hata kama umepata mashaka gani. Nikakaa naye. Nikangoja maji. Nikawasikia ng'ombe wakitolewa, nikamsikia Bishara anakwaruza sufuria, anawahimiza watoto shule, akaja mlangoni akasema mama, chai iko tayari, na mimi nikanyamaza makusudi, nikakasirika hata, nikasema moyoni huyu mtoto hana adabu, nyumba ina msiba na yeye anaita chai. Akadhani nimelala. Akaenda zake kisimani. Jua likaingia likapanda ukutani, nzi wakaja, nikawafukuza kwa mkono wa kushoto wasitue juu yake, nikamwonea huruma huyo mtu wangu kwamba watu wake wamechelewa hivi, na sikuuliza hata mara moja mbona simwoni uso… Bishara aliporudi ndipo akanikuta mdomo umeenda upande na mkono umefungwa, akawaambia watu, mama iko na akili, ameona mkono umelegea amejifunga yeye mwenyewe isianguke. Wakanisifu. Mpaka leo wanaisimulia, mgeni akija anaambiwa, na mimi nakaa hapo hapo nasikiliza sifa zangu.

Na daktari kule hospitalini alimuuliza Farah, ilianza saa ngapi, Farah akasema hatujui, tumemkuta mchana, daktari akasema mngemleta asubuhi mapema, kuna dawa… akaachia hapo, akatikisa kichwa, akaandika. Hakumaliza. Nimekuwa nikimmalizia mimi tangu siku ile, nikila, nikiswali nimekaa kwenye kiti, mngemleta mapema mkono ungerudi, mngemleta mapema, na aliyechelewesha hayuko nje ya chumba hiki. Hii ndiyo sababu siutazami. Kama asubuhi ile ulikuwa umekufa kweli, basi mauti yameshapata chumba ndani ya mwili wangu na yanangoja vingine viwe wazi, na kama ulikuwa hai, basi mimi ndiye niliyeufanyia mazishi, kwa ustadi wangu wote, na mazoezi haya ya Jumanne ni watu wema wawili wanaosugua kaburi. Sijui nitamani lipi. Namwomba Mungu urudi na hapo hapo naomba usirudi, kwa maana ukirudi itajulikana ulikuwepo. Na wao wanaongea habari ya kijiko, lengo letu, anasema Najla, mwisho wa mwezi ushike kijiko, na Farah kila jioni ananipigia simu kutoka mnadani, mama, leo umeshika nini, nimeshika subira, mwanangu. Shehe naye alikuja akaniambia mwenye udhuru ale kwa kushoto, hakuna dhambi, Mungu hamtwishi mtu asichokiweza, nikamwambia asante shehe, lakini shehe hajui mkono wangu wa kushoto umepita wapi, mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukivikwa kitambaa na kwenda kusikosemwa, kwa kila maiti, miaka yote hiyo, wa kulia ndio ulikuwa wa uso na nywele na wa kula wali, walijuana hawakuingiliana, sasa niupeleke ule mdomoni, siwezi, tumbo linakataa kabla ya dini, kwa hiyo Bishara ananilisha, na nikishiba nakuwa mkali kwake, chumvi nyingi, chumvi kidogo, kwa sababu ni vigumu kumshukuru mtu anayekufuta kidevu.

"Sasa vidole," anasema Najla. Ngumi hii imejifunga miezi yote, kucha zinaingia kiganjani, Bishara amekuwa akipenyeza kipande cha pamba ndani yake kiganja kisioze, ni harufu yake pia ninayoikimbia mlangoni, na sasa Najla ameiweka ndani ya maji na anaikanda mgongoni, na mimi namngoja aende kwenye kidole cha mwisho, najua kitakavyokuwa, kidole cha mwisho, kinachofuata, kinachofuata, nitaiona asubuhi yangu ikifanywa mbele yangu na mtu mwingine, lakini haendi huko, anakwenda kwenye gumba, analitafuta lilikojificha chini ya vingine, analivuta taratibu kutoka kwenye shina lake. Si hapo, nasema. Nimesema kwa sauti. Anainua macho. "Kuna maumivu?" Hapana, nasema, mimi huanza… watu huanza na kidole kidogo. "Nikianza na kidogo vyote vinakaza zaidi," anasema, "vinapigana na mimi. Gumba likitoka, vingine vinalegea vyenyewe. Angalia." Na sitaki kuangalia, lakini neno lake limenishika, vinapigana na mimi, vidole gani hivyo vinavyopigana, mimi sijawahi kupigana na kidole cha mtu, nilianza na cha mwisho kwa kuwa shangazi yangu aliyenifundisha alianza na cha mwisho, na ningeanza na chochote, maiti hajali, ukimkunjua kimoja humkunjui tena, kinabaki pale ulipokiweka, ndiyo heshima yao, wanakubali… na asubuhi ile, vidole vile, vilikubali au havikukubali, sikumbuki, vililegea tu, vililegea kabisa, hapana, usianze, usijipe matumaini mwanamke, matumaini yatakuua haraka kuliko presha. "Haya, kimefunguka," anasema Najla, na Bishara anasema mashallah kwa sauti ndogo, na mimi naona kwa pembe ya jicho kitu cheupe na laini kilichokunjamana, kiganja, ni kiganja changu hakijapata jua tangu… naondoa macho.

Anaweka kitambaa ndani yake. Kimelowa, kimekunjwa. "Usiuruhusu wa kushoto usaidie," ananiambia, anauchukua mkono wangu mzima anaufunika kwa taulo juu ya mapaja yangu, nimebaki bila mkono hata mmoja, nimekaa na mabega mawili tu. "Finya kitambaa, Mama Farah. Kama unakamua." Nafinya. Hakuna. "Fikiria kwanza, kisha finya." Nafikiria, natuma neno, nalisindikiza, linashuka shingoni linafika begani, na pale linapotea, hakuna anayelipokea, nalituma tena, finya, finya bwana, chini ya taulo wa kushoto ndio unaofinya mpaka kucha zinauma, jasho limenitoka, meno yamebana, na wale wawili wameinama wanaangalia mahali nisipoangalia, na natamani waniambie basi, wanifunike, imetosha, Mungu akipenda kuchukua achukue kwa mara moja asinitume kuusindikiza kila Jumanne, na ninaanza kusema Najla, mwanangu, tuache… na kuna sauti. Ndogo. Tone la maji ndani ya beseni. Kisha lingine. Jagi la Bishara limesimama hewani halimwagi kitu. Barabarani basi linaondoka. Lingine, tone. "Ni kitambaa kinachuruzika tu," nasema, "kimelowa, kitaacha kuchuruzika." Najla anasema polepole, "Hapana. Rudia."

Sirudii kitu, sikufanya kitu cha kurudia, namwambia sikufanya kitu, neno langu halikufika, na yeye anasema sawa, basi achia, kiachie kitambaa, tupumzike, nami natuma achia, na achia nayo inapotea begani, na Najla anashika pembe ya kitambaa akitoe, anavuta kidogo. Kitambaa hakitoki. Anavuta tena, bila nguvu, na sasa nimeona, sikukusudia kuona, macho yamekwenda yenyewe, mkono ule umevutwa nao umevuta. Umekivuta kitambaa upande wake. Umekaza. Kifundo kimesimama, mishipa imejitokeza juu ya ngozi, na mimi sijauambia ufanye hivyo, wallahi sijauambia, na miaka yote hii, wanawake wote wale, vitambaa vyote vile nilivyopitisha, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuninyang'anya kitambaa. "Hiyo ni kawaida," Najla anasema, "kushika kunarudi kabla ya kuachia, usiogope, ni habari njema," ananieleza mambo ya misuli, na simsikii, midomo yake inakwenda na simsikii, kwa sababu uko hai. Kwa hiyo uko hai. Kwa hiyo ulikuwa hai. Asubuhi ile ulikuwa hai, na ulikuwa juu ya kifua changu, na mimi silali na mkono kifuani, sijawahi, nalala ubavu tangu niolewe, sasa nani aliuweka pale, ulifikaje pale, uliposikia nguvu zinakuacha ulipanda kifuani kuniamsha, ulijikokota na nguvu za mwisho ukaja kunibisha hodi, Mumina, amka, twafa, na mimi nikafumbua macho nikakwambia Inna lillahi, nikakunyoosha vidole kimoja kimoja, nikakufunga kwa leso na meno yangu, nikakaa nawe nakufukuzia nzi mpaka jua likapanda.

Yarabi, maiti simwogopi, hata yule wa mtoni aliyekaa majini siku nyingi sikumwogopa, lakini mtu aliye hai, aliyefungwa akiwa hai, aliyesomewa akiwa hai, aliyelazwa humu kwangu miezi yote nikila na kuswali na kusifiwa mbele yake, huyo namwogopa, hofu ya mwanzo leo ilikuwa mchezo. Namtazama sasa. Sina tena pa kupeleka macho. Ni mwembamba kuliko mwenzake, kucha zimepauka, kovu lile la kisu cha kuchunia liko pale pale chini ya kidole cha shahada, nilikuwa nimelisahau, na ameshika kitambaa chake amekikumbatia, anatetemeka, ndiye anayetetemeka sasa, mimi nimetulia. Anataka nini. Amekasirika, au naye anaogopa, au hajui kama ni mimi, angenijuaje, mara ya mwisho kuonana nilimfunga. Najla anasema, "Ngoja nikutolee, utachoka," anatafuta gumba tena, na mimi nasema, mwache. "Mama Farah, ukikaza sana…" Mwache, nasema, mwachie kitambaa, ni chake. Wanatazamana, Bishara na yeye, najua mtazamo ule, mama amechanganyikiwa, na Bishara anasogea anapiga magoti karibu na kiti changu, jagi mkononi, ananiuliza kwa upole, kwa Kiorma, lugha ya nyumbani, nani, mama, tumwachie nani. Ningemjibu ningelazimika kuanza na adhana ya alfajiri na chai aliyoniitia, na mdomo wangu bado haujui maneno hayo yanaanzia wapi, na naogopa, lakini macho siyaondoi, nikiyaondoa atadhani nimemwacha tena. Kitambaa kimenyooka ngumini mwake. Tone limeanguka. Maji ndani ya beseni yametulia, hakuna tena mvuke, na ngozi yake juu ya kifundo imeanza kufanya vipele vidogo vidogo. "Bishara," nasema, "ongeza ya moto kidogo, haya yamepoa, atasikia baridi."